Fiziotherapia kwa mwenye MS: kliniki, nyumbani, majini au kikundini?

Daktari wa mishipa ya fahamu akishamaliza habari ya dawa, huongeza neno moja wakati wewe umeshashika kitasa cha mlango: "Na uanze fiziotherapia." Unaitikia, unaondoka. Ukifika nyumbani ndipo unagundua kwamba umeambiwa kama mtu aliyeambiwa "ukale". Ule nini? Wapi? Kiasi gani? Na nani atakupakulia?

Naishi na maltipo sklerosisi, hiyo tunayoifupisha MS, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Njia nne nitakazozilinganisha hapa nimezipitia zote, nyingine kwa kupenda, nyingine kwa kukosa namna. Mimi si mtaalamu, ni mgonjwa mzoefu. Hakuna hata moja ninayoipigia debe, maana iliyonifaa mwaka wa pili haikunifaa mwaka wa nane, na ile niliyoidharau mwanzoni ndiyo ninayoishikilia leo.

Fiziotherapia inashughulikia nini hasa

Katika MS, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, ile ala inayozifunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Ala ikiharibika, ujumbe kutoka ubongoni huchelewa, hupotoka au haufiki kabisa. Fiziotherapia hairudishi ala hiyo wala haichukui nafasi ya dawa. Mtu akikuahidi hivyo, mkimbie, kama miguu inaruhusu.

Lakini kuna jambo nililichelewa kulielewa. Udhaifu tulionao hautoki wote kwenye neva. Mwingine unatokana na kukaa. Mguu ukisumbua, unautumia kidogo. Ukiutumia kidogo, msuli unasinyaa. Msuli ukisinyaa, mguu unasumbua zaidi. Udhaifu huu wa pili ndio unaoweza kurekebishwa, na hapo ndipo fiziotherapia inapofanya kazi: nguvu za misuli, mwendo, kusimama bila kuyumba, misuli inayokakamaa, pumzi, hata kibofu.

Zamani tuliambiwa tupumzike. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa mazoezi yangeuchochea ugonjwa. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wenye MS waliofanya mazoezi ya kuongeza pumzi, yaani ya kuupa moyo na mapafu kazi, kwa wiki 15, mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara. Stamina iliongezeka, nguvu ziliongezeka, na hali yao ya maisha ikawa afadhali. Tafiti zilizofuata hazikuona kuwa mazoezi yanaongeza milipuko ya ugonjwa, yaani vile vipindi ambapo dalili mpya huzuka au za zamani huzidi. Nalisema hili mapema kwa sababu bado wapo jamaa, tena wanaokupenda, watakaokupokonya ndoo mkononi na kukuambia "wewe kaa tu".

Vipimo vitano kabla ya kuchagua

Kila njia nitaipima kwa mambo haya matano.

Nguvu. Uchovu huwapata zaidi ya watu watatu kati ya wanne wenye MS, na si uchovu unaoisha kwa kulala. Kwa hiyo usihesabu dakika za mazoezi peke yake. Hesabu kuvaa, safari, ngazi, kusubiri kwenye benchi, na kurudi. Safari ya kwenda kwenye mazoezi nayo ni zoezi, tena mara nyingine ndilo zito kuliko yote. Mtaalamu wangu wa kwanza alinifundisha kipimo kimoja ambacho sijakiacha: saa mbili baada ya kumaliza, uwe umerudi ulipokuwa kabla ya kuanza. Kama bado uko chini, kilichozidi si uvivu wako, ni dozi.

Joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojitumikisha. Baadaye ikaeleweka kuwa mkosaji ni joto la mwili: neva iliyopoteza ala yake inaweza kushindwa kupitisha ujumbe joto likipanda hata kwa nusu digrii tu. Kuna wakati madaktari walimtumbukiza mtu kwenye maji ya moto ili kuthibitisha kuwa ana MS! Hali hiyo haiharibu neva, na mwili ukipoa mambo hurudi. Ila kwa muda ule wa katikati, miguu inaweza kukukana.

Kuanguka. Zaidi ya nusu ya wenye MS waliofuatiliwa katika tafiti walianguka angalau mara moja ndani ya miezi mitatu. Zoezi la kusimama vizuri lazima likuyumbishe kidogo, la sivyo halifundishi kitu. Swali ni nani au nini kitakudaka.

Jicho la mtaalamu. Mwili wenye MS ni mjanja sana wa kukwepa. Ukiuambia tumia mguu wa kulia, unatumia kiuno, bega, hata shingo, alimradi mguu wa kulia upumzike. Wewe mwenyewe hulioni hilo.

Kudumu. Faida ya mazoezi hunyauka ukiacha. Njia nzuri unayoifuata wiki nne haiishindi njia ya kawaida unayoifuata miaka minne.

Ana kwa ana na mfiziotherapia

Hii ndiyo wengi wanayoifikiria likitajwa neno fiziotherapia: kliniki, kitanda, wewe na mtaalamu.

Jicho. Hapa njia hii haina mpinzani. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kueleza dalili zote kwa mpangilio. Hakunisikiliza sana. Alinitembeza mita 7.6 huku akibonyeza saa, kisha akanisimamisha kutoka kitini, nikatembea mita tatu, nikageuka, nikarudi kukaa, saa inahesabu. Halafu akasema, "Dada, hebu nipe hicho kiatu." Akakigeuza. Kisigino kilikuwa kizima, ila ncha ya mbele, upande wa kidole gumba, ilikuwa imelika hadi kitambaa cha ndani kinaonekana. Cha kushoto hakikuwa na kitu. "Huu mguu unauburuta," akasema, "na si wa jana." Mimi nilikuwa nikijikwaa kwenye zulia kwa mwaka mzima nikililaumu zulia.

Unyayo unaoning'inia namna hiyo una tiba zake, na hizo huwezi kujipa mwenyewe. Kipo kibano chepesi cha kushikilia kifundo kinachovaliwa ndani ya kiatu. Kipo pia kifaa cha umeme mdogo kinachofungwa chini ya goti na kuichokoza neva inayoinua unyayo kila unapopiga hatua. Kwa mtu aliyekakamaa misuli, mtaalamu hujua kutofautisha mkakamao wa kupunguzwa na ule unaokusaidia kusimama. Jambo hilo la pili ni muhimu kuliko linavyosikika. Mguu mgumu wakati mwingine ndio nguzo uliyobaki nayo.

Kuanguka. Salama kuliko njia zote. Kuna mikono nyuma yako, mara nyingi na mkanda wa kiunoni wa kukushikilia, kwa hiyo unathubutu kujaribu usichothubutu kwako.

Joto. Inategemea chumba. Omba feni, omba miadi ya asubuhi kabla jua halijapanda, beba maji baridi. Mtaalamu anayeijua MS hatashangaa.

Nguvu. Hapa ndipo panapouma. Nimewahi kufika kliniki nikiwa nimeshamaliza nguvu zote kwenye ngazi za jengo, nikalala kwenye kile kitanda na kufanyiwa kazi kama unga unaokandwa. Kukandwa kunaburudisha, sikatai, lakini mwili unaofanyiwa haujifunzi kama mwili unaofanya. Kama safari inakumaliza, uliza kama mtaalamu anaweza kukufuata nyumbani, au kama baadhi ya miadi inaweza kuwa kwa simu ya video.

Kudumu. Ni vigumu. Miadi huisha, rufaa huisha, pesa huisha. Na kuna kishawishi kimoja cha kimyakimya: unajiona umefanya mazoezi ya wiki kwa sababu Jumanne ulikwenda, kumbe siku sita nyingine hukugusa kitu.

Inamfaa aliyegunduliwa karibuni na hajapimwa mwendo, aliyeanza kuanguka, aliyetoka kwenye mlipuko, na yeyote ambaye hali yake imebadilika.

Programu ya nyumbani

Mtaalamu anakupangia mazoezi manne au matano, unayafanya kwako, mnaonana baada ya wiki kadhaa kuyarekebisha. Naomba izingatiwe kuwa nasema mtaalamu anakupangia. Kuokota video mtandaoni ni jambo jingine.

Nguvu. Ndiyo ushindi wake mkubwa. Hakuna safari. Unaweza kugawa dakika ishirini kuwa tano asubuhi, tano kabla ya mchana, na kumi baadaye. Kwa mtu ambaye uchovu ndio dalili yake kuu, kugawa huku ni nusu ya tiba. Mimi hufanya la kwanza nikiwa bado kitandani.

Joto. Uko kwako: dirisha, feni, taulo lenye maji shingoni. Una mamlaka kamili.

Kuanguka. Hapa inabidi uwe mkali kwa nafsi yako. Mazoezi ya kusimama yafanyike kwenye kona ya ukuta, mgongo ukiielekea kona yenyewe, na kiti kizito mbele. Ukiyumba nyuma, kuta mbili zinakupokea. Ukiyumba mbele, unakishika kiti. Mkeka unaoteleza uondoke. Simu iwe mahali unapoweza kuifikia ukiwa sakafuni, si juu ya meza. Na lile la kufunga macho ili kujaribu miguu, usilifanye ukiwa peke yako.

Jicho. Udhaifu wake uko hapa. Nilipewa zoezi la kusimama na kukaa kitini, mara kumi, mizunguko miwili. Wiki sita nililifanya kwa uaminifu, kalenda nzima ina alama za vema. Niliporudi nikaonyesha kwa majigambo. Mtaalamu akaweka mizani mbili za kupimia uzito chini ya miguu yangu, moja kila upande, akaniambia nisimame. Mguu wa kushoto ulikuwa unabeba karibu mzigo wote. Kwa wiki sita nilikuwa nimeuimarisha mguu mzima na kuuachia mgonjwa upumzike! Marekebisho yenyewe yalikuwa kitu kidogo: kuusogeza mguu mzima mbele kiasi cha nusu unyayo, ili ule dhaifu ukose pa kukimbilia. Dakika mbili za jicho la mtu zilitosha, ila zilichelewa wiki sita. Siku hizi najirekodi kwa simu mara moja kwa wiki na kumtumia.

Kudumu. Watu wawili wakipewa karatasi ileile, mmoja ataibandika ukutani na mwingine ataikuta miezi sita baadaye ndani ya mfuko wa koti. Dawa ninayoijua ni kulifunga zoezi kwenye jambo ambalo hulisahau. Kunyoosha msuli wa shavu la mguu, sekunde thelathini kila upande, hufanyika maji ya chai yakichemka. Yakichelewa kuchemka, ninanyoosha tena.

Inamfaa mwenye uchovu mkubwa, anayeishi mbali na huduma, mwenye kazi na watoto, na aliyekwisha kupimwa vizuri mara moja. Haimfai peke yake mtu anayeanguka mara kwa mara au anayeishi bila mtu wa kumwinua.

Mazoezi majini

Bwawa lina mashabiki wake, nami nawaelewa. Maji yakifika kiunoni, mwili hubeba takribani nusu ya uzito wake; yakifika shingoni, unabaki na kama sehemu ya kumi. Mtu ambaye nchi kavu hawezi kunyanyua goti, majini anatembea. Nimemwona mwanamume aliyekuja kwa magongo mawili akisimama katikati ya bwawa mikono mitupu, akicheka peke yake kama mtoto.

Joto. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Mabwawa mengi ya tiba hupashwa moto hadi nyuzi 33 na kuendelea, hata 36, kwa kuwa yametengenezewa watu wenye maumivu ya viungo. Kwa mwenye MS anayesumbuliwa na joto, hayo ni maji ya kumlegeza. Kinachopendekezwa kwetu ni maji ya nyuzi kama 27 hadi 29 za Selsiasi. Mara ya kwanza sikuuliza. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilipokamata ngazi ya chuma nitoke, uzito ukarudi wote kwa mkupuo, na miguu ikawa kama si yangu. Walinitoa watu wawili, nikaketi ukingoni nimefunikwa taulo lenye maji baridi karibu saa nzima hadi nikaweza kusimama. Hakuna kilichoharibika, zaidi ya heshima. Tangu hapo naanza kwa swali moja kwenye simu, kabla hata ya kuuliza saa za kufungua: maji yenu ni nyuzi ngapi? Maji yakiwa baridi kiasi, mambo hugeuka, kwa kuwa maji huchukua joto la mwili wakati unaendelea kufanya kazi, na unaweza kwenda muda mrefu kuliko nchi kavu. Baridi ikizidi nayo, misuli ya wengine hukakamaa.

Kuanguka. Ndani ya maji, kuanguka ni polepole na hakuvunji mfupa, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza kugeuka na kusimama kwa mguu mmoja. Hatari iko nje: sakafu yenye maji, chumba cha kubadilishia nguo, ngazi.

Nguvu. Maji yanakudanganya. Hujisikii umechoka hadi utoke. Kuvua, kuoga, kujikausha na kuvaa soksi kwenye miguu yenye unyevu ni kazi inayostahili kuandikwa kwenye hesabu. Wengine hupoteza hapo chote walichopata.

Jicho na kudumu. Mtaalamu akiwa majini nawe, vizuri. Akiwa ukingoni, mwanga na mawimbi humficha miguu yako. Kudumu kunategemea bwawa liko umbali gani na linafunguliwa lini, basi.

Inamfaa mwenye miguu dhaifu sana, mwenye maumivu ya viungo, anayeogopa kuanguka kiasi cha kutothubutu, na aliyekuwa mpenda kuogelea tangu zamani. Mwenye kidonda wazi, maambukizi, mrija wa mkojo, au kifafa kisichodhibitiwa aongee na daktari kwanza. Asiyezuia mkojo au choo vizuri naye aulize. Wataalamu wamezoea swali hilo kuliko tunavyodhani.

Mazoezi ya kikundi

Kuna vikundi vya wenye MS watupu vinavyoongozwa na mfiziotherapia, na kuna madarasa ya kila mtu: yoga, tai chi, pilate, baiskeli za ndani. Tofauti kati ya haya mawili ni kubwa kuliko tofauti ya mazoezi yenyewe.

Kudumu. Kikundi hushinda hapa. Siku usiyojisikia kwenda, kuna mtu atakayekuuliza "mbona jana hatukukuona?" Kitu kidogo hicho kimenifikisha mahali ambapo karatasi ya ukutani isingenifikisha. Na kuna maarifa ambayo hayaandikwi popote: namna ya kugeuka jikoni ukiwa na sufuria, namna ya kumjibu bosi, kiatu gani hakinasi kwenye zulia.

Jicho. Linagawanywa. Kiongozi mmoja kwa watu wanane ataona kosa kubwa, dogo litampita. Mwalimu wa darasa la kawaida asiyeijua MS ataona umekaa chini akadhani umekata tamaa. Mweleze kabla ya siku ya kwanza, kwa sentensi mbili tu, kwamba utapumzika unapotaka na kwamba hilo ndilo zoezi lako.

Nguvu. Hatari yake ni mdundo. Wenzio wanaendelea, hesabu inaendelea, na wewe hutaki kuonekana. Siku yangu mbaya kuliko zote haikutokana na zoezi gumu. Ilitokana na aibu. Kikundi kizuri huweka kiti nyuma ya kila mtu, na kiongozi mwenyewe hukaa mara kwa mara ili kukaa kusiwe habari.

Joto na kuanguka. Chumba chenye watu kumi hupata joto haraka, kaa karibu na dirisha. Kwa kuanguka, simama karibu na ukuta, usijifanye mtu wa mstari wa mbele.

Niseme na moja ambalo halisemwi. Aliyegunduliwa mwezi uliopita akiingia kwenye kikundi na kumkuta mwenzake kwenye kiti cha magurudumu, anaweza kurudi nyumbani na kulia usiku kucha. MS haiendi njia moja kwa kila mtu, na hali ya jirani yako si ratiba yako. Ila kama moyo bado ni mbichi, hakuna aibu kusubiri miezi kadhaa.

Kinamfaa anayeishi na upweke wa ugonjwa huu, anayejua mipaka yake, na anayeacha kila anachoanza peke yake.

Kuhusu kiasi

Watu huuliza dozi. Mwongozo uliotolewa Canada mwaka 2013 kwa watu wazima wenye ulemavu mdogo hadi wa wastani unataja dakika 30 za mazoezi ya kuongeza pumzi ya kiwango cha kati mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2020 yanalenga dakika 150 au zaidi kwa wiki, yakihesabu pamoja mazoezi na shughuli za kawaida, na yanasisitiza kufika huko polepole kulingana na uwezo. Mimi nilianza na dakika tatu. Hiyo si tarakimu ya kujivunia lakini ndiyo ya kweli.

Njia hizi hazigombani. Wengi tunaishia na mchanganyiko: mtaalamu mara chache kwa mwaka, nyumbani kila siku, na mojawapo ya hizo mbili nyingine kwa ajili ya moyo.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama umegunduliwa juzi na mwili bado unakutii, nenda kwa mfiziotherapia mara moja au mbili hata kama hujisikii mgonjwa. Apime mwendo wako na kuandika tarakimu. Siku utakapohisi "kama vile nimepungua", mtakuwa na cha kulinganisha. Baada ya hapo endelea na mchezo wowote unaoupenda.

Kama unajikwaa, au umeanguka mara mbili tangu mwaka uanze, usianze na kikundi wala nyumbani. Kliniki kwanza, na beba viatu ulivyovivaa zaidi.

Kama uchovu ndio unaokutesa kuliko miguu, anza nyumbani, vipande vifupi, na uandike kwa wiki mbili ulivyokuwa saa mbili baada ya kila kipande. Daftari hilo litamfaa mtaalamu kuliko maelezo yako ya mdomo.

Kama joto ni adui yako, bwawa la nyuzi 27 hadi 29 linaweza kuwa rafiki mkubwa na bwawa la nyuzi 35 kuwa mtego. Ukikosa la kwanza, mazoezi ya nyumbani asubuhi na mapema yanatosha kabisa.

Kama misuli inakakamaa usiku au miguu inaruka yenyewe, kunyoosha kwa kila siku nyumbani ndiko msingi, lakini mkao na namna ya kunyoosha uonyeshwe na mtu. Mwambie daktari pia, kwa sababu dawa na fiziotherapia hapo huenda pamoja. Mkakamao ukizidi ghafla, chunguza kwanza maambukizi ya mkojo, choo kigumu au kidonda usichokiona.

Kama kibofu kinakukimbiza chooni, wapo wafiziotherapia wa misuli ya sakafu ya nyonga. Wengi hatuambiwi kuwa wapo. Omba rufaa kwa jina hilo.

Kama dalili mpya imedumu zaidi ya saa 24 na huna homa, hilo si suala la kuchagua mazoezi. Mpigie daktari. Mlipuko ukishatulia, rudi kwa mtaalamu ana kwa ana hata kama ulikuwa umehitimu kufanya peke yako, kwa maana mwili unaorudi si lazima uwe ule ulioondoka.

Kama ratiba yako imejaa kazi na watoto, achana na mpango wa saa nzima. Mazoezi matatu yaliyofungwa kwenye mambo unayoyafanya tayari, na simu ya video na mtaalamu kila baada ya wiki sita au nane.

Na kama unatumia kiti cha magurudumu, usikubali kuambiwa fiziotherapia imekupita. Kukaa wima, mikono yenye nguvu ya kujihamisha, pumzi, kukinga ngozi isipate vidonda vya kukalia, kusimama dakika chache kwenye fremu maalumu, yote hayo ni kazi yake. Bwawa lenye winchi ya kukushusha linaweza kukufaa. Lakini kabla ya hayo yote mwombe mtaalamu afike unapoishi, ukiwepo na mtu anayekusaidia, akione kitanda chenyewe: urefu wake, upande unaoshukia, na mahali mkono wako unapotafuta pa kushika.